Malenga wa Futi Tatu

Katika michezo yote ambayo karne iliyopita iliwaachia watu kuwa burudani ya jioni zao, sidhani kuwa upo mmoja unaomdai mchezaji mambo mengi kabla ya kuanza kama huu uitwao Dungeons & Dragons, kwa sababu mwingine hukupa kete ukazisukuma, na mwingine hukupa karata ukazitupa, lakini huu hukupa karatasi tupu ukakutaka ulete mtu. Mtu huyo hana budi kuwa na jina, kabila, kazi, nasaba, nguvu na udhaifu wake. Na mkishaketi mezani, wenzako hawatazungumza nawe bali naye, nawe utawajibu kwa kinywa chake mpaka mchezo uahirishwe. Nakusudia katika makala haya kueleza namna ya kumbuni mmoja katika watu hao, malenga wa kabila la nomu, viumbe wafupi wa hadithi, ambaye kwa miaka mingi amefanywa kinyago cha kuchekesha meza, ilhali mimi naamini kwa dhati ya moyo kuwa, akibuniwa kwa uangalifu, hakuna mhusika mwingine katika mchezo huo awezaye kubeba furaha na majonzi ya wenzake kama yeye.

Mchezo wenyewe ulichapishwa mara ya kwanza mwezi wa Januari 1974 huko Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, na waasisi wake walikuwa wawili: Gary Gygax, aliyefariki mwaka 2008, na Dave Arneson, aliyemfuata mwaka 2009. Chapa ya kwanza ilikuwa ya nakala 1,000 tu. Taratibu zake zimejaza vitabu vizima, lakini kiini chake ni chepesi kueleza: mmoja wa walioketi huwa msimamizi, na huyo ndiye asimuliaye ulimwengu wote, mvua yake na majumba yake, maadui wake na wenye maduka wake, waliobaki kila mmoja humiliki mhusika mmoja, na lolote lenye shaka, kama kuruka korongo au kumshawishi bawabu afungue lango, huamuliwa kwa dadu yenye pande 20, ambayo juu ya namba yake huongezwa kile alichojaliwa mhusika. Hakuna ashindaye wala ashindwaye mwisho wa jioni. Kinachobaki ni hadithi.

Ama nomu, asili yake si ya mchezo huu. Tabibu Paracelsus, mzaliwa wa Uswisi aliyeishi tangu mwaka 1493 hadi 1541, aliandika risala juu ya viumbe wa maji, hewa, udongo na moto, ikachapishwa mwaka 1566 yeye mwenyewe akiwa kaburini, na humo akawataja wakaao ardhini kwa jina la Kilatini la gnomus, akidai kuwa hupita katika udongo na mwamba kwa wepesi ule ule wa samaki apitaye majini. Viumbe hao walikuwa na haya, walinzi wa madini, si wa kuchezewa. Baadaye, katika karne ya 19, wafinyanzi wa Ujerumani, hususan wale wa Thuringia, wakaanza kuwafanyia sanamu za vizee vyenye ndevu na kofia nyekundu ili visimamishwe bustanini, na Sir Charles Isham akavileta Uingereza katika bustani yake ya Lamport Hall, ambako kimoja cha vizee hivyo kimehifadhiwa hata leo. Sanamu hizo zilipendwa mno, nami sishangai, lakini zilimdhulumu nomu kuliko kitabu chochote, kwa kuwa tangu siku hizo mtu akisikia habari zake huona kwanza kofia, kisha tabasamu, na hataki tena kuona zaidi.

Dhuluma hiyo ilimfuata mpaka ndani ya mchezo. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilimkubali nomu awe kabila la kuchezwa, tena kikamfungulia fani ya mazingaombwe, yaani kuonyesha macho ya watu kisichokuwapo. Lakini katika miaka ya 1980 vitabu vya Dragonlance vikaeneza nomu wa namna nyingine, mafundi wa mitambo isiyofanya kazi, wenye majina marefu yasiyomalizika kutamkwa, na wachezaji wengi wakaridhika kuwa huyo ndiye nomu, basi. Toleo la nne la mchezo lilipotoka mwaka 2008, nomu hakuonekana kabisa katika kitabu cha kwanza cha wachezaji. Alitiwa katika kitabu cha madude ya kupigwa vita. Alirejeshwa mwezi wa Machi 2009, katika kitabu cha pili, na katika kitabu hicho hicho ndipo aliporejeshwa malenga, ambaye naye alikuwa ameachwa nje.

Malenga ana safari yake. Aliingia katika mchezo mwezi wa Februari 1976, katika jarida lililoitwa The Strategic Review, kwa kalamu ya Doug Schwegman, aliyeeleza kuwa amemchanganya kutokana na watu watatu wa Ulaya ya kale: skaldi wa nchi za kaskazini, aliyeimba matendo ya wafalme wake, mshairi wa Waselti, aliyehifadhi sheria na nasaba kwa moyo, na mwimbaji wa kutangatanga wa nchi za kusini, aliyekula alichopewa mlangoni. Katika kitabu cha 1978 njia ya kuufikia umalenga ilikuwa ndefu kuliko njia zote, kwa maana mhusika alipaswa kwanza kuwa askari, kisha mwizi, ndipo akubaliwe kujifunza chini ya makuhani wa msituni. Na hata hivyo mlango ulikuwa wazi kwa binadamu na kwa chotara wa binadamu na elfi, kabila jingine la mchezo huo, peke yao. Nomu hakuruhusiwa. Ilipofika mwaka 2003, marekebisho ya toleo la tatu yakatamka kuwa kazi inayomfaa nomu kuliko zote ni umalenga, na hivyo yule aliyefungiwa mlango mwaka 1978 akafanywa mwenye nyumba. Naona waandishi wa marekebisho hayo walifahamu jambo la kweli: kiumbe asiye na ubavu wa kupigana, aliyezoea kuishi karibu na wakubwa kuliko yeye, lazima awe ameusoma uso wa kila mtu na kupima kila neno kabla ya kulitoa.

Msomaji wa pwani yetu hatapata taabu kumwelewa mtu wa namna hiyo. Katika habari za Fumo Liyongo, ambazo Muhammad Kijumwa alizitungia utenzi mwaka 1913, shujaa yule mwenye kimo cha kutisha alipokuwa kifungoni Pate, mikono yake haikumfaa kitu. Kilichomfaa ni ubeti aliompa kijakazi Saada ampelekee mama yake, wenye siri ya mkate wa wishwa na tupa ndani yake, kisha ngoma ya gungu aliyoiomba ichezwe nje, na kelele zake zikafunika sauti ya tupa ikikereza pingu. Usiku ule Liyongo angekuwa na futi tatu badala ya kimo chake, bado angetoka.

Tuje sasa kwenye karatasi. Kila mhusika hupimwa kwa sifa sita, nazo ni Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Hekima na Haiba, na mchezaji asiyetaka kubahatisha kwa dadu hupewa namba 15, 14, 13, 12, 10 na 8 azigawe apendavyo. Malenga hutegemea Haiba kwa kila kitu chake: kushawishi, kuimba, na hata uchawi wake, ambao huutoa kwa sauti na ala. Lakini kwa taratibu za mwaka 2014, nomu huongezewa 2 katika Akili, na nomu wa msituni huongezewa 1 katika Wepesi. Katika Haiba haongezewi hata chembe. Kwa sababu hiyo wapo wapiga hesabu wanaosema kuwa nomu malenga ni ndoa isiyofaa, na kuwa afadhali kuchukua chotara wa elfi ambaye Haiba yake huja tayari. Taratibu mpya za mwaka 2024 zimeliondoa tatizo hilo, kwa kuwa nyongeza sasa hutokana na maisha aliyoishi mhusika kabla ya safari zake wala si kabila lake, na aliyekuwa mtumbuizaji aweza kujiongezea Haiba awe nani. Mabadiliko hayo ni ya haki, nami siyapingi. Hata hivyo kwa kumbuni malenga huyu nazipenda zaidi zile za zamani, kwa sababu upungufu humwuliza mchezaji swali ambalo ukamilifu haumwulizi: huyu, ambaye kabila lake halikumpa haiba ya bure, aliipata wapi aliyo nayo?

Nimchukue wangu awe mfano. Jina lake ni Zanna, wa ukoo wa Nackle, nomu wa msituni. Nimemwekea 15 katika Haiba, 14 katika Ustahimilivu, 13 katika Wepesi ambayo kabila linaifanya 14, 12 katika Hekima, 10 katika Akili ambayo kabila linaifanya 12, na ile 8 iliyobaki nimeitupa katika Nguvu, kwa kuwa kiumbe wa futi tatu na ratili 40 hana sababu ya kujifanya mpagazi. Anaanza akiwa na alama 10 za uhai, jambo lenye maana kwamba panga mbili zikimpata barabara zitamlaza chini. Kwa zamu moja hutembea futi 25 ambapo binadamu hutembea 30, na hizo tano zinazopungua, ambazo wengi huziona kuwa kero, mimi nimezifanya sehemu ya tabia yake: daima yumo nyuma ya msafara, daima anaona migongo ya wenzake, na kwa kuwa anaona migongo anajua nani amechoka na nani anaficha jeraha.

Kabila limempa pia mambo mawili ambayo kwa malenga ni hazina. La kwanza ni werevu wa nomu: anapopambana na uchawi unaoingia kwa njia ya Akili, Hekima au Haiba, hurusha dadu mbili akachukua iliyo kubwa, na kwa hiyo yeye aliyezoea kuwalaghai watu kwa maneno ni mgumu kulaghaiwa. La pili ni kuelewana na wanyama wadogo. Wachezaji aghalabu huliona kuwa pambo. Lakini hebu fikiri ni nani ajuaye siri za jumba la mfalme kuliko panya wa jikoni, na ni nani aliyesikia mapatano ya usiku kuliko kindi aliyelala juu ya mti wa uani? Malenga wa binadamu hulipa dinari ili apate habari. Zanna hulipa kwa makombo.

Namba hizo ni sawa na fito za nyumba ya udongo: zisipokuwapo hapasimami kitu, lakini hakuna mtu aishiye ndani ya fito. Udongo wenyewe ni habari za maisha, nami kwa nomu huanza na majina. Kitabu cha 2014 kinaeleza kuwa nomu hupenda majina, kiasi kwamba aghalabu mmoja huwa nayo kama nusu dazeni: mama humpa la kwake, baba la kwake, mzee wa ukoo la kwake, mashangazi na wajomba nao ya kwao, na juu ya hayo huongezeka lakabu za marafiki. Mchezaji mvivu huchagua moja akayaacha mengine, na hapo hutupa mali. Mimi nimeyaandika yote pamoja na aliyelitoa kila moja na sababu yake. Zanna ni jina la mama. Baba alimwita Lorilla, jina la dada yake aliyepotea mgodini. Mzee wa ukoo alimpa Waywocket, ambalo hulitumia mbele ya wageni anapotaka kuwafurahisha kwa mlio wake. Na shangazi mmoja, aliyegombana na jamaa wote akahama, alimwita Oda, na tangu alipohama hakuna mwingine aliyelitumia. Kwa jina hilo la mwisho nimempa msimamizi ufunguo. Siku atakapotaka kunitikisa, hahitaji joka wala jeshi. Katika soko la mji wa ugenini mtu aliyejitanda shuka atapita nyuma ya Zanna na kumwita Oda.

Baada ya majina huja sababu ya kuondoka nyumbani, na hapa ndipo umri wa nomu unapokuwa jambo kubwa. Nomu hukua kwa mwendo wa binadamu, akatarajiwa kutulia katika utu uzima penye miaka 40 au karibu yake, kisha akaendelea kuishi miaka 350, na wengine hukaribia 500. Wachezaji wengi huandika umri mahali pake wakasahau. Lakini maana yake ni kwamba kila rafiki wa kibinadamu anayempata, nomu atamzika. Na atamzika mtoto wa rafiki huyo, na mjukuu wake, na kitukuu, na bado atakuwa na nywele zisizokuwa na mvi nyingi. Nikaona kuwa malenga mwenye maisha ya namna hiyo hawezi kuwa mwimbaji wa karamu tu, apende asipende. Ndiye daftari la wafu wa watu wengine.

Basi nikamtungia Zanna kisa hiki. Alipokuwa msichana mdogo, kijana mmoja wa kibinadamu, msafiri, aliugua karibu na msitu wao, nao wakamtunza mpaka akapona. Na katika siku za kupona akamchongea filimbi, akamfundisha wimbo wa kijiji alikotoka. Alirudi baada ya miaka 50, mzee mwenye mkongojo, kuja kuwaaga waliomwokoa. Zanna, ambaye alikuwa bado mbali na uzee, akampigia ule wimbo kwa filimbi ile ile. Mzee hakuutambua. Alisema ni mzuri, akauliza umetoka wapi. Usiku ule Zanna alifahamu kuwa binadamu hufa upesi na husahau upesi zaidi, na kuwa wimbo wa kijiji kizima umebaki katika kichwa kimoja tu, nacho ni chake. Akaondoka asubuhi kwenda kutafuta kijiji hicho. Hilo ndilo jibu la swali la Haiba: hakuzaliwa nayo, aliipata kwa kumpigia wimbo mtu ambaye yeye alitamani kumkumbusha.

Katika uchaguzi wa ala mchezaji hupewa tatu, na orodha ni nzuri, kwa kuwa imo filimbi, imo ngoma, imo zumari, kimo kinubi, na imo ile gambusi ya Ulaya yenye tumbo la duara ambayo ni mtoto wa udi wa Waarabu uliovuka kupitia Andalusia, udi ule ule ambao wapenzi wa taarabu wanaujua. Filimbi ya Zanna ilikwisha chaguliwa na kisa chake. Ya pili nimempa zumari, kwa sababu sauti yake hufika mbali kuliko mwili wake. Ya tatu ngoma ndogo, ya kwendea.

Sasa tuutazame ulimi. Malenga wa mchezo huu anayo silaha mbili za maneno tangu siku ya kwanza, moja ya kuinua na moja ya kuangusha. Ya kuinua ni hamasa: humwambia mwenzake neno au humpigia nyimbo, na mwenzake hupewa dadu ya pande 6 aiongeze katika jambo gumu litakalomkabili. Ya kuangusha ni stihizai, uchawi mdogo ambao kwao malenga humtukana adui kwa ufasaha, na adui akishindwa kujizuia huumia kwa dadu ya pande 4, au pande 6 kwa taratibu mpya, kisha shambulio lake linalofuata humlazimu arushe dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Si wazo la kitoto. Katika Ireland ya kale washairi walioitwa filid waliogopwa na wafalme wenyewe, kwa imani kuwa tungo ya kashfa iliyotungwa kwa haki humtoa mwenye kashfa malengelenge usoni. Na hadithi zao husema kuwa ya kwanza ya namna hiyo ilitungwa na Cairbre dhidi ya mfalme Bres, baada ya mfalme huyo kumlaza mshairi katika kijumba chenye giza, pasipo moto wala kitanda, na kumletea vimkate vitatu vikavu. Bres akavuliwa ufalme.

Nasikitika kuona wachezaji wengi wakilitumia jambo hili adhimu kwa matusi ya vichochoroni, yasiyo na sanaa wala maana. Stihizai ya malenga haina budi kulenga kitu cha kweli ndani ya adui, nayo iwe fupi, kwa sababu zamu ni fupi. Kwa shujaa mwenye majivuno, Zanna angesema: “Bwana mkubwa, ngao yako haina mkwaruzo hata mmoja, nani aliyesimama mbele yako vitani siku zote hizo?” Kwa zimwi angesema: “Mama yako alikuita nani, kabla watu hawajakuita Njaa?” Maneno hayo ya pili yanauma zaidi, tena yana huruma ndani yake, na ikitokea zimwi likasita na kujibu, basi msimamizi mwenye busara ataacha mapigano yasimame na mazungumzo yaanze. Nawashauri wachezaji waandike vijembe vyao nyumbani, kumi au ishirini, kwa kuwa ulimi wa papo kwa papo hukimbilia uchafu. Na kamwe wasimlenge mtu wa kweli aliyeketi upande wa pili wa meza.

Lipo jambo jingine la dini ya nomu ambalo kwa malenga ni kisima. Mungu wao mkuu katika mchezo ni Garl Glittergold, bwana wa vito na mizaha, na mzaha wake mashuhuri kuliko yote ni pale alipoliangusha pango juu ya Kurtulmak, mungu wa kobolidi, viumbe wadogo wa jamii ya mijusi. Nomu huusimulia kwa kicheko. Kobolidi huusimulia kama msiba, na uadui wa makabila hayo mawili unatokana na siku hiyo. Mchezaji wa kawaida atauimba upande wa kwanza, na meza itacheka. Lakini Zanna, ambaye kazi yake ni kuhifadhi wanayoyasahau wengine, siku moja atakutana na kobolidi mzee mwenye wimbo wa pango, naye itambidi aamue kama atausikiliza mpaka mwisho. Mimi sijui ataamua nini, na nisingependa kujua kabla ya siku yenyewe. Kisima hicho nimemwachia msimamizi.

Wanaodai kuwa nomu malenga hafai ila kwa kuchekesha wangetazama habari za Scanlan Shorthalt, ambaye bila shaka ndiye nomu malenga mashuhuri kuliko wote. Alichezwa na Sam Riegel, mwigizaji wa sauti wa Marekani, katika onyesho la Critical Role lililoanza kurushwa kwa njia ya intaneti mwezi wa Machi 2015 chini ya usimamizi wa Matthew Mercer, na habari zake zikaingia katika katuni ya The Legend of Vox Machina mwaka 2022. Kwa muda mrefu Scanlan alikuwa mcheshi mtupu: alibadilisha maneno ya nyimbo za siku hizi, alifuata wanawake, alikejeli kila kitu, na wenzake wakamzoea hivyo. Kisha akajitokeza binti, Kaylie, aliyezaliwa na mwanamke ambaye Scanlan alimtelekeza, na kicheko kikaanza kupata ufa. Mwaka 2017, katika sehemu ya 85 ya simulizi yao, baada ya kuuawa na kufufuliwa, Scanlan aliwageukia rafiki zake kwa ghadhabu akawauliza kama yuko miongoni mwao ajuaye jina la mama yake. Hakuna aliyejua. Walikuwa wamesafiri pamoja, wamepigana na majoka pamoja, ameziinua roho zao kwa nyimbo zake mara zisizohesabika, na hakuna aliyewahi kuuliza. Akaondoka pamoja na binti yake.

Naliona tukio hilo kuwa hoja kamili ya makala haya. Riegel hakubadilisha hata namba moja katika karatasi yake. Alichofanya ni kumkumbuka mtu aliyekuwa chini ya kofia, na wote waliomcheka wakagundua kuwa walikuwa wakicheka na mtu wasiyemjua. Ucheshi wa nomu haukuwa kosa, wala sitaki uondolewe, kwa kuwa nomu asiyecheka ni nomu aliyeugua. Nataka tu uwe na mahali ulipotoka, kama ulivyo ucheshi wa watu walio hai.

Yanayobaki ni madogo. Afikapo daraja ya tatu, malenga huchagua chuo; kile cha Ushujaa humpa ngao na silaha bora, na kile cha Maarifa humpa elimu zaidi pamoja na uwezo wa kuikatiza shabaha ya adui kwa neno. Zanna ataingia cha Maarifa, wala sikufikiri mara mbili. Nyuma ya karatasi yake nimeacha nafasi tupu yenye mistari, ya kuandikia jina la kila mwenzake atakayekufa safarini, na mji aliozaliwa, na kitu kimoja alichopenda kula au kusema, ili Zanna akiulizwa baada ya miaka mia mbili awe na la kujibu.

Basi wewe utakayependa kumleta malenga wa futi tatu mezani kwenu, nakusihi usianze na dadu. Andika kwanza aliyekupa jina, aliyekufundisha wimbo wa kwanza, na unayeogopa kumsahau. Namba zitakuja baadaye na zitatosha. Na wewe uketiye kando yake, ukisubiri akuchekeshe, usingoje mpaka akasirike: mwulize mama yake anaitwa nani.